Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wakunga

Ndugu wanachama,

Hesabu mtasomewa na mweka hazina, na majina ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitazungumzia zaidi jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: orodha hakiki ya uzazi salama.

Wengi mnaijua. Ni ya Shirika la Afya Duniani, ina vipengele 29, na inatutaka tusimame kidogo mara nne kuhakikisha hakuna tulilosahau: mama anapopokelewa, kabla hajaanza kusukuma au kufanyiwa upasuaji, ndani ya saa moja baada ya kujifungua, na kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Hakuna humo ambalo mkunga hakufundishwa chuoni, ndiyo maana baadhi ya wakongwe wetu waliipokea kwa kununa. Nawaelewa. Lakini saa tisa usiku, akina mama watatu wako leba na mkunga ni wewe peke yako, unaweza kujua kila kitu na bado sindano ya oksitosini, dawa ya kumzuia mama asitoke damu nyingi, isiwe imevutwa mtoto anapotoka.

Ninalolalamikia mimi ni ujazaji. Fomu nyingi hujazwa mwisho wa zamu, kalamu ileile, vema kwenye kila kisanduku. Karatasi ya namna hiyo humfurahisha mkaguzi tu.

Anayedhani orodha inatosha autazame utafiti wa Uttar Pradesh, India, uliochapishwa 2017. Ulihusisha vituo 120 na uzazi zaidi ya 157,000. Nusu ya vituo vilipewa orodha pamoja na makocha, yaani watu wa kuwaelekeza watumishi kazini. Baada ya miezi miwili, huduma zilizotakiwa zilitekelezwa kwa asilimia 73, na kwa wenzao asilimia 42. Miezi minne baada ya makocha kuondoka, zile 73 zilikuwa zimeshuka hadi 62. Je, vifo na madhara makubwa ndani ya siku saba? Asilimia 15.1 penye makocha, 15.3 kwa wenzao. Yaani hakuna tofauti.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema basi tuitupe. Mimi siafiki. Huku kwetu Afrika Mashariki, Migori nchini Kenya na Busoga nchini Uganda, orodha iliyorekebishwa iliunganishwa na mafunzo ya vitendo, kumbukumbu zilizotunzwa vizuri na vikao vya watumishi kujirekebisha. Kwa watoto njiti na wenye uzito mdogo, waliozaliwa wamefariki au waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 15.3, dhidi ya 23.3 mahali ambapo mafunzo na vikao hivyo havikuwepo. Orodha haikufanya kazi hiyo peke yake, nasi tusiidai iifanye peke yake.

Sasa kuna kipengele kimoja ambacho naomba tukitazame kwa makini. Kabla mama hajasukuma, orodha inauliza kama msaidizi ametambuliwa na yuko tayari. Zahanati yenye mkunga mmoja usiku itajibu nini? Wengi wetu tunaweka vema, kwa aibu au kwa kuogopa kuulizwa. Tuache. Kisanduku kibaki kitupu, na vitupu vya mwezi mzima vikusanywe vipelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya. Hoja ya kuongezewa watumishi tumeipiga miaka mingi kwa maneno; hapo tutakuwa na tarehe na zamu. Vivyo hivyo kwa ambu (mfuko wa kumpulizia mtoto hewa) na barakoa ya kichanga, glavu, na hata taulo safi. (Taulo! Bado tunamwagiza mama aje na kanga zake.)

Kamati tendaji inapendekeza mambo mawili. Kwanza, tuache kuulizana vituoni ni fomu ngapi zimejazwa, badala yake tusomeane orodha kwa sauti kitandani kwa mama, hasa wakati wa kukabidhiana zamu. Pili, sehemu ya ada za mwaka ujao itumike kuwalipia nauli wakunga wazoefu watakaotembelea zahanati za mbali, na ziara hizo zisikome baada ya miezi michache kama ilivyokuwa India.

Pendekezo la pili linagusa mfuko wa chama, kwa hiyo linahitaji kura zenu. Nakala zipo kwa katibu. Wenye hoja wazitoe kabla hatujafika kwenye ajenda ya ada.