Mistari ya tangi la pikipiki ichorwe kwa brashi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wa bodaboda, hasa wale wanaopamba pikipiki zao nyumbani. Acheni kubandika stika za mistari kwenye tangi. Choreni.

Mimi ni mchora mabango hapa Ngamiani, Tanga. Mara kwa mara naletewa Boxer au TVS ambayo mistari yake ya stika imenyanyuka pembeni. Jua la kwetu ni kali, na petroli ikimwagika wakati wa kujaza hupenya chini ya stika ikalainisha gundi. Mwenye chombo akiibandua anabaki na utando unaonata vumbi, kisha anakwenda kununua nyingine ya namna ileile.

BMW walipotoa pikipiki yao ya R 32 mwaka 1923, ilikuwa nyeusi yenye mistari myeupe. Kule Chennai, India, mistari ya dhahabu kwenye tangi la Royal Enfield Bullet bado inavutwa na mafundi kwa mkono. Kiwanda kizima, na mashine zake zote, kinamwachia fundi mstari ule!

Anayetaka kujaribu aoshe tangi kwa sabuni, alifute kwa spiriti mpaka polishi yote iishe, kisha apitishe msasa laini wa maji, namba 1000 au zaidi, pale tu mstari utakapopita. Wengi huruka hatua hii halafu wanalaumu rangi. Brashi iwe na nywele ndefu, kama sentimita tano, zilizochongoka mfano wa upanga. Urefu huo ndio unaobeba rangi na kutuliza mtetemo wa mkono. Ichovye kwenye rangi ya mafuta, uipapase huku na huku juu ya karatasi ya kalenda inayong'aa mpaka nywele zishikane. Egemeza kidole kidogo kwenye tangi, uvute kuelekea kwako bila kusita, macho yakitangulia brashi. Mstari ukipinda, ufute ungali mbichi kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Usitumie tina, itakula na rangi ya kiwandani. Fanya kazi hii asubuhi mapema, kabla upepo wa baharini haujaanza kuleta vumbi.

Ninaloliogopa ni petroli. Nimeona vijana wakisafishia brashi petroli uani, na jiko la mkaa linawaka hatua chache tu kutoka hapo. Mvuke wa petroli ni mzito, hutambaa chini mpaka ukaufikia moto. Jamani, tumieni mafuta ya taa, nayo yawekwe mbali na jiko.

Rangi ya mafuta peke yake haistahimili petroli. Mistari ikikauka sawasawa, mpelekeeni fundi wa rangi za magari aifunike kwa ile vanishi inayochanganywa na dawa ya kuikaza. Akiharakisha, mistari itakunjamana. Msiipulize wenyewe nyumbani, maana hewa yake huumiza mapafu, na watoto wanalala humo.

Na ninyi mafundi wenzangu wa mabango, ambao kazi zetu nyingi zimechukuliwa na mabango ya kuchapwa, vijana hawa wakija tuwape brashi na kipande cha bati waanzie hapo. Wangu wanakuja Jumapili jioni, na nafasi bado ipo.

Mchora mabango,
Ngamiani, Tanga