Pikipiki ina risiti, mtoto hana hata jina

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nalisoma gazeti lako nikanyamaza, lakini ile habari yenu ya gari lisilo na dereva imenishinda. Mmeandika kwa bashasha kwamba watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani waliwauliza walimwengu: breki zikikatika, gari limgonge nani, limwache nani? Majibu karibu milioni 40, kutoka nchi na maeneo 233, yakachapishwa 2018. Mtoto mchanga kwenye kigari akawa wa mwanzo kuokolewa. Paka akawa wa mwisho (wapenda paka wa Mji Mkongwe hawakuulizwa, naona), na mhalifu akawekwa chini ya mbwa. Hilo nawaachia masheikh.

Mie nina la huyo mtoto mchanga. Mwezi uliopita nilikwenda kukata tiketi ya meli ya kurudi Wete, nimempakata mjukuu wangu. Karani akachukua kitambulisho changu, jina akaliandika herufi kwa herufi. Nikamwambia, "Mwanangu, na huyu muandike." Akajibu bila ya kuinua uso, "Bibi, huyo anapakatwa, hahesabiwi." Nyuma yangu yupo kijana anasafirisha pikipiki. Ikaandikwa rangi yake, namba yake, jina la atakayeipokea, ikakatiwa risiti, na kipande chake kikafungwa kwa uzi kwenye usukani. Nikarudia ombi langu, safari hii kwa sauti, foleni nzima ikaanza kuguna eti nawachelewesha. Mhariri, sisi Wapemba ndio wa kuambiwa "hahesabiwi"? Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 katika mkondo wa Nungwi, inakuja huku huku kwetu, imepakia kupita uwezo wake, na idadi ya waliokuwamo inabishaniwa mpaka leo. Haukutimia mwaka, Skagit nayo ikaenda chini karibu na kisiwa cha Chumbe, Julai 18, 2012. Mama akizama na mtoto wa kupakata, yule mtoto aulizwe kwenye orodha ipi? Dunia nzima imempigia kura awe namba moja, na pale dirishani anashindwa na pikipiki!

Na humo ndani ya chombo, tangu kung'oa nanga ni filamu za ngumi na mateke, sauti juu kama harusini. Maelezo ya kuvaa jaketi la kuokolea yakitolewa husikii, na jaketi la kumtosha mtoto mie sijaliona bado. Choo ndiyo usiseme.

Karani apewe kalamu ya pili, kwa kuwa hiyo moja inaonekana ni ya mizigo. Ikishindikana, safari ijayo nitamtia mjukuu wangu ndani ya pakacha, nimpeleke dirisha la mizigo nilipe kwa kilo, nipewe risiti. Kuifunga nitaifunga mwenyewe, uzi ninao.

Ni mimi,
Bibi asiyehesabiwa mjukuu,
Wete, Pemba