Barua kwa Sudi: kabla hujafunga kifuniko

Ndugu yangu Sudi,

Salaam nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha na ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana umeuliza mengi kwa mkupuo mmoja. Hongera kwa mashine ya kufungia makopo ya bia yako ya nyumbani. Najua ulivyochoshwa na chupa, kuziosha, kuzimulika moja moja kwenye mwanga, halafu bado unaikuta moja yenye uchafu chini.

Swali lako kubwa ni hili: utie sukari hamira itengeneze gesi yenyewe ndani ya kopo, au uijaze bia gesi ya mtungi kwanza ndipo ufunge? Jibu langu ni sukari, angalau kwa sasa, kwa kuwa kegi (lile pipa la chuma la bia) huna na mtungi huna, na iko sababu nyingine nitakayoigusa mbele. Lakini naona swali hilo umelipa uzito kuliko linavyostahili. Gesi ni hesabu tu. Kitakachokutoa jasho ni kifuniko.

Chupa, Sudi, ina huruma. Ukikosea kizibo unakiona, unakitoa, unaweka kingine. Kopo ukishalifunga limefungika. Huoni ndani, na huwezi kulifungua ukaongeza sukari au kupunguza bia. Kila kitu lazima kiwe kimeamuliwa kabla rola, yale magurudumu madogo ya mashine, hazijagusa chuma. Kwa hiyo usianze na bia. Anza na maji.

Jaza makopo machache maji, yafunge, kisha ukae nayo mezani uyachunguze. Mashine yako ina rola mbili. Ya kwanza inakunja ukingo wa kifuniko na kuupitisha chini ya mdomo wa kopo, ya pili inalibana lile kunjo liwe pindo, kama fundi cherehani anavyokunja pindo kisha akalipiga pasi. Kazi ya rola ya kwanza ndiyo inayoamua yote. Ikilegea, kulabu ya kifuniko, yaani ukingo wake uliokunjwa, inakuwa fupi, na rola ya pili hata ukiikaza vipi haiwezi kurefusha kitu kisichokuwepo. Wanaoanza wengi wakiona kopo linavuja hukimbilia kukaza rola ya pili. Matokeo yake pindo linakuwa na makali, chuma kinachanika kwa ndani, na kopo linavuja zaidi. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa ndani wa pindo, mzunguko mzima. Ukikwama mahali, au ukihisi makali kama ya kisu, acha, rudi kwenye rola.

Kisha pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Kwa makopo ya bia ya kawaida, urefu wa pindo huwa karibu milimita 2.5 na unene wake kidogo zaidi ya milimita 1, lakini vipimo vyenyewe utavipata kwenye karatasi ya mtengenezaji wa vifuniko, na hiyo ndiyo ya kufuata, si maneno yangu. Pima sehemu tatu au nne kuzunguka kopo, maana pindo linaweza kuwa zuri upande mmoja na bovu upande wa pili. Na usiishie kupima kwa nje. Kata kopo moja kwa mkasi wa bati, ulibandue pindo, uzitazame kulabu mbili: ya kopo na ya kifuniko. Lazima ziwe zimepishana, kwa karibu milimita moja hivi. Ukikuta kulabu ya kifuniko ina mikunjomikunjo mingi, pindo halikubanwa vya kutosha. Kwa nje kopo la namna hiyo laweza kuonekana safi kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kuna jaribio jingine rahisi: funga kopo tupu, lizamishe kwenye maji ya moto. Hewa iliyo ndani itapanuka itafute pa kutokea, na kama kuna upenyo utaona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye pindo. Lifanye kila unapoanza kazi, si siku ya kwanza tu, kwa sababu mashine hizi ndogo hulegea.

Na vifuniko vyenyewe, kabla hujanunua rundo: vifuniko viwili vinaweza kuwa na kipenyo kilekile lakini visiwe na umbo moja. Kile kichwa cha mashine kinachokaa ndani ya kifuniko kimechongwa kwa umbo moja tu. Ukileta aina nyingine kitaingia, na mashine itazunguka kama kawaida, lakini pindo halitakuwa pindo. Nunua makopo na vifuniko kwa muuzaji mmoja, umwambie una mashine gani.

Haya, sasa gesi. Tunapima kwa ujazo: bia ya ujazo 2.4 ni ile ambayo kila lita yake imebeba lita 2.4 za kaboni dayoksaidi. Bia nyingi hunoga kati ya 2.2 na 2.7. Kwa makopo yako, simama kwenye 2.4. Bia iliyochachia kwenye nyuzi 20 za Selsiasi tayari ina ujazo 0.85 hivi uliobaki ndani yake, kwa hiyo unatafuta nyongeza ya 1.55. Sukari nyeupe ya kawaida, gramu 4 kwa lita, huleta karibu ujazo mmoja. Zidisha: gramu 6 kwa lita, au gramu 120 kwa lita 20. Kama bia yako ilikaa kwenye joto zaidi baada ya kumaliza kuchacha, gesi iliyobaki ni kidogo na sukari itaongezeka kidogo. Chemsha sukari kwenye maji kidogo kwa dakika kumi, ipoe, imimine kwenye ndoo safi, kisha teremsha bia juu yake kwa mrija ulioelekezwa pembeni ili izunguke taratibu na kuchanganyika. Usiirushe wala usiikoroge kwa nguvu. Wapo wanaopima sukari kopo kwa kopo, gramu 2 kila moja. Inawezekana, ila mimi sipendi. Mkono ukichoka, kopo moja linapata mara mbili na jingine halipati kitu.

Hesabu hiyo yote inasimama juu ya sharti moja, kwamba bia imemaliza kuchacha. Sizungumzii mapovu ya kwenye mrija wa hewa, hayo yanadanganya. Nazungumzia haidromita, kile kipimo kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha sukari iliyobaki. Isome leo, isome tena baada ya siku mbili au tatu, na kama namba haikusogea, endelea. Ikiwa ilikuwa 1.014 na sasa ni 1.013, weka makopo pembeni ukalale. Nikuambie kwa nini nang'ang'ania hapa. Kila nukta moja ya haidromita (yaani 0.001) inayochachia ndani ya kopo huleta karibu nusu ya ujazo wa gesi. Ukifunga bia kwenye 1.014 wakati ilikuwa ishuke hadi 1.010, umeongeza ujazo 2 usioujua juu ya ule 2.4 wako. Bia ya ujazo 2.4 kwenye nyuzi 20 inasukuma kopo kwa paundi 25 hivi kwa kila inchi ya mraba. Ikipanda nyuzi 30, inapita 35. Kopo la kawaida limetengenezwa kuhimili paundi 90 hivi, kwa hiyo hapo uko salama. Lakini bia ya ujazo 4.4 kwenye nyuzi 30 inakaribia 80, na ukilisahau kopo hilo ndani ya gari juani, basi. Kitako chake kilichobonyea ndani kitageuka kibonyee nje, au kifuniko kitainuka, au litapasuka moja kwa moja.

Ndiyo maana bia ya ngano, ile inayotakiwa kutoa povu jingi kwa ujazo 3 na zaidi, ningeiacha kwenye chupa nene. Najua utabisha.

Siku ya kujaza, adui ni oksijeni. Kopo lina mdomo mpana kuliko chupa, hivyo hewa inayobaki chini ya kifuniko ni nyingi, na bia ikikaa na hewa hiyo hupoteza kwanza harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kisha huanza kuonja kama karatasi iliyolowa. Hapa ndipo sababu yangu ya pili ya kupendelea sukari: hamira inapoamka kula sukari hiyo, inaila na sehemu ya oksijeni iliyoingia. Haiimalizi, lakini inakusamehe kidogo. Bia yenye gesi ya mtungi haina msamaha huo. Hata hivyo, usitegemee hamira peke yake. Jaza kwa mrija unaofika kitakoni mwa kopo, bia ipande kutoka chini bila kurushwa. Kwa sababu bia yako bado haina gesi ya kutosha, haitatoa povu la kukusaidia kusukuma hewa, kwa hiyo fanya haraka: jaza, weka kifuniko, funga. Usijaze kumi ndipo uanze kufunga. Ukija kupata mtungi baadaye, puliza gesi kidogo ndani ya kopo kabla ya kujaza, na tena juu ya bia kabla ya kifuniko.

Usijaze hadi juu kabisa. Bia inapopata joto hutanuka, na bila nafasi ya gesi hapo juu, presha hupanda vibaya sana. Tumia mizani, ni rahisi kuliko macho. Weka kopo tupu, rudisha mizani kwenye sifuri, jaza. Kopo la mililita 330 lisome gramu 333 hivi, basi. Likipungua sana, bia hiyo kunywa wewe mwenyewe mapema, kwa sababu ndani kuna hewa nyingi.

Ukishafunga, suuza kopo kwa nje, hasa kwenye pindo. Bia ikikauka pale huota ukungu. Na kwa kuua vijidudu tumia dawa ya asidi isiyohitaji kusuuzwa. Dawa ya klorini iweke mbali na alumini. Kwa ndani kopo lina utando mwembamba wa plastiki unaolitenga na bia, na ukuta wenyewe ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndiyo maana kopo tupu linakunjwa kwa vidole, na lenye gesi linakuwa gumu kama gogo.

Ugumu huo utakusaidia. Weka makopo mahali penye nyuzi 20 hadi 24 kwa wiki mbili, juu chini, yaani kifuniko kikiwa chini, ndani ya sanduku la plastiki lenye karatasi kavu. Pindo lolote linalovuja litaandika jina lake kwenye karatasi. Kila baada ya siku chache libonyeze kopo ubavuni. Siku za mwanzo litabonyea, baadaye litakataa. Chupa ya kioo haiwezi kukueleza hivyo. Likishakuwa gumu, weka moja kwenye friji usiku kucha, safari hii kifuniko kikiwa juu, ulifungue, uonje. Hamira itakuwa imetulia kitakoni, kwa hiyo mimina kwenye glasi taratibu na uache kidogo cha mwisho.

Njia ya mtungi nitakueleza kwa ufupi, maana najua utaifikia. Bia inakaa kwenye kegi kwa nyuzi 3 au 4, gesi ya paundi 10 au 11, kwa wiki moja au zaidi. Inajazwa ikiwa baridi kabisa, mrija mrefu, na safari hii povu unalitaka: kifuniko kinawekwa juu ya povu, si juu ya bia, kwa sababu povu ni gesi tupu na limefukuza hewa. Bia hupoteza gesi kidogo njiani, hivyo wengine huizidishia kidogo kwenye kegi. Kwa bia yenye hopsi nyingi unayotaka kuinywa ndani ya wiki chache, njia hiyo ni nzuri na haiachi mashapo kwenye kopo. Lakini inataka vifaa, na ukiifanya ovyo inaharibu bia haraka kuliko sukari.

Uliuliza pia kama watu watakucheka kwa kufunga kopo moja moja. Wacheke. Bia ya kwanza kuuzwa ndani ya kopo ilitoka Marekani, ya kampuni ya Krueger, Januari 1935, kwenye kopo zito la chuma lililohitaji kutobolewa kwa kifaa maalumu. Na mwaka 2002 Oskar Blues, kiwanda kidogo cha Colorado, kilianza kuuza bia yake kwenye makopo kwa mashine ya mezani iliyofunga kopo moja kwa wakati mmoja. Wewe uko kwenye njia ileile, tofauti ni kwamba huna wateja wanaosubiri, kwa hiyo huna sababu ya kuharakisha.

Makopo uliyokwisha kunywa usiyaweke kwa matumaini ya kuyatumia tena. Mdomo ukishakunjwa haurudi. Yauze kwa wanaokusanya alumini.

Fanya ya maji kwanza. Ukilikata la kwanza, lipige picha kwa karibu, kulabu zote mbili zionekane, unitumie kabla hujagusa bia. Na uniandikie karatasi ya vifuniko inasema unene gani, tulinganishe na kalipa yako.

Nisalimie shemeji, umwambie sanduku lake la plastiki litarudi.

Ndimi nduguyo,
Hamisi