Somo yangu, usiitupe hiyo barua

Chamwino, Dodoma
6 Oktoba 2024

Mpendwa somo yangu,

Mbukwa! Huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri, miguu tu ndiyo inamsumbua. Mvua bado, vumbi ndilo hilo unalolijua, na mifugo imeanza kupelekwa mbali kutafuta maji.

Nimeupata ujumbe wako pamoja na picha ya barua ya halmashauri ya huko Uingereza, ile inayowaomba wakazi maoni kuhusu mahali pa kupigia kura. Umesema utaitupa kwa sababu wewe ni mgeni, na kwamba maoni ya mtu mmoja hayasomwi. Limenikaa moyoni tangu jana, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Hilo la ugeni naomba uliache. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza kwamba raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi huko anajiandikisha na kupiga kura, hata ya wabunge, na mwezi wa saba ulipiga. Huku nyumbani sheria haijampa Mtanzania aliye nje nafasi ya kupiga kura akiwa huko aliko. Kwa hiyo kituo cha huko ndicho pekee ulicho nacho. Anayekwenda kwa miguu mpaka kituoni asiposema, atasema nani?

Sasa nikusimulie ya kwetu. Tarehe 27 Novemba Tanzania Bara nzima tunachagua wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa. Uandikishaji unaanza Ijumaa hii, tarehe 11, hadi tarehe 20. Orodha hii si lile Daftari la Kudumu ambalo Tume imetoka kuliboresha hapa mkoani juzijuzi, na watu wengi wanachanganya. Unamwambia mtu aende kujiandikisha, anakujibu, "Mimi kadi ninayo." Kila jioni nikitoka shuleni napita nyumba hadi nyumba kueleza hilo. Na kwa kuwa unapojiandikisha ndipo utakapopigia kura, kituo kikikaa pabaya wiki hii, kitakuwa pabaya na siku yenyewe.

Kitongoji chetu unakijua, korongo limekipasua katikati. Sasa hivi korongo ni njia tu, ng'ombe wanapita na akina mama wanachimba maji mchangani. Lakini mwisho wa Novemba mvua ya kwanza inaweza kunyesha huko juu milimani, na maji yakashuka kwa kishindo wakati kwetu halijadondoka hata tone. Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa ukingoni tukisubiri yapungue ndipo tuvuke kwenda shule.

Mtendaji alikuja mkutanoni na pendekezo kwamba kituo kiwe shuleni, upande wa barabara. Hoja zake zilikuwa za maana: gari linafika, madarasa yana milango inayofungika, na kaya nyingi ziko upande huo. Wapo wanaosema alikuwa na lake jambo, mimi sikubaliani nao. Alipima kwa macho ya Oktoba, kama ambavyo yeyote asiyelala ng'ambo ya korongo angepima. Ndipo mzee mmoja wa ng'ambo akasimama, akasema, "Siku hiyo kura yangu itakuwa huku, na miguu yangu itakuwa kule." Watu wakanyamaza.

Mwingine akapendekeza uani kwa mwenyekiti wa kitongoji, chini ya ule mkwaju wenye kivuli kikubwa. Ni mtu mwema, na uani kwake ndiko tunakokaa kwenye kila msiba. Lakini anagombea tena. Akina mama wakakataa palepale, na mimi nilikuwa pamoja nao. Bibi anayekwenda kumchagua amtakaye asilazimike kupita mbele ya jiko la mgombea. Kwangu hili lina uzito uleule wa umbali: mahali pa kura pawe pa wote, asiwepo mwenye nyumba wa kuamkiwa kwanza. Nilishangaa uliponiambia huko kituo kinaweza kuwa hata baa. Labda kwenu baa haina mwenyewe kwa namna hiyo. Hata hivyo, kama yupo jirani asiyeweza kuingia baa kwa sababu ya dini yake, hilo nalo waandikie.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa maneno makali. Siku mbili kabla ya mkutano kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa kimepita ng'ambo nyumba kwa nyumba na kuandika kwenye daftari: nyumba hii ina mzee asiyeona, hii ina mama wa mapacha wachanga, hii ina kijana anayetembelea magongo, hawa wanahamia shamba la mbali mvua ikianza. Katibu alipoisoma orodha ile, mtendaji aliomba aichukue aende nayo halmashauri. Jana amerudi na jibu: mwandikishaji wa pili atakaa ng'ambo, kwenye ghala la zamani la kijiji, na kura za upande ule zitapigiwa hapohapo. Limebaki suala la kizingiti cha ghala, kiko juu mno. Mafundi wawili wamejitolea kumwaga zege la mteremko kabla ya Ijumaa.

Kwa hiyo unapowaandikia, usiseme tu kwamba kituo kiko mbali. Uliniambia ukumbi mliozoea umefungwa na kituo kimehamishiwa ng'ambo ya ile barabara kubwa ya magari ya kasi, na kwamba yule bibi jirani yako anayetembelea fremu ya magurudumu hakwenda mwezi wa saba. Yaandike hayohayo bila kutaja jina lake. Waeleze pa kuvukia pako wapi, taa za kuvukia zinampa mtu muda gani, basi linasimama wapi, na mlangoni kuna ngazi ngapi. Najua utasema huko mtu anaweza kupiga kura kwa posta. Ni jambo zuri kwa anayelitaka. Bibi yule alikuambia anataka kwenda mwenyewe, na kituo kinapaswa kumfaa na yeye.

Halafu mna muda ambao sisi hatuna. Vituo vyenu viko wazi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, vya kwetu siku hiyo ni saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, na ni msimu wa kupanda. Mama akitoka kisimani akapitia shamba, muda uliobaki ni mdogo, na korongo likijaa haubaki kabisa.

Umenitafsiria kwamba sheria yao inazitaka halmashauri kupitia upya vituo kila baada ya miaka mitano, kwamba awamu hii ilianza Oktoba mwaka jana na lazima iishe Januari 31, na kwamba zikishaamua zinatangaza uamuzi pamoja na sababu zake. Wapiga kura 30 wakiona hawakutendewa haki wanaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Uchaguzi ya huko. Somo yangu, nafasi kama hiyo ikipita ni miaka mitano mingine, na bibi hana miaka ya kusubiri. Mshirikishe yeye na majirani wa ghorofa lenu, kila mmoja aandike lake.

Barua yao inataka majibu kabla ya mwisho wa mwezi. Andika wiki hii, kisha unitumie nakala niisome kwenye kikundi Jumamosi. Wamekuulizia, na wanataka kujua kama huko nako kuna makorongo.

Mama anakusalimu sana. Wasalimie watoto.

Ni mimi,
Somo yako