Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: mchanga wa Oregon si mchanga wa Uwanda wa Makonde

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,

Salaam. Kwa umri wangu ningeweza kukuita mwanangu, lakini kiti ulichokalia nakiheshimu. Ndiyo maana kwa miaka miwili nimekuandikia barua za bahasha, zikapita kwa mtendaji wa kijiji, zikaenda kwa mtendaji wa kata, kama utaratibu unavyotaka. Sikujibiwa hata moja. Leo naandika mbele ya watu wote, na kilichonifikisha hapa ni maneno tuliyoambiwa Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa wakulima, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji.

Mtaalamu uliyemtuma alikuja na projekta. Akatuonyesha mashamba ya duara, kijani kibichi, katikati ya jangwa. Akasema hapo ni Oregon, Marekani, kwenye mabonde ya Fort Rock na Christmas Valley, na kwamba watu wa kule wanalima juu ya mchanga na kuvuna majani ya mifugo marobota kwa marobota. Kisha akasema: "Mchanga ni mchanga. Wenzenu wanaweza, ninyi mnalalamika." Jirani yangu, ambaye mahindi yake yamegoma kwenye goti tangu Februari, alisimama akaondoka bila kuaga. Nilimwelewa.

Mheshimiwa, mimi nimefundisha jiografia miaka 31 kabla ya kustaafu na kurudi shambani. Siwezi kuliacha neno lile lipite.

Mabonde yale ya Oregon yalikuwa ziwa enzi za barafu. Ziwa lilipokauka liliacha kingo zake zimepangana kama ngazi pembezoni mwa bonde. Halafu, miaka kama 7,700 iliyopita, mlima Mazama ulioko kusini-magharibi ya hapo ulilipuka na kumwaga majivu na vijiwe vyepesi juu ya nchi nzima ile. Kwa hiyo kinachoonekana kwenye picha kama mchanga ni majivu ya volkano. Kila punje ina vitundu ndani yake, kama mkate wa kumimina, na vitundu hivyo vinashika maji. Mvua yao kwa mwaka ni kama milimita 250 tu, hivyo chumvi na magadi ya ziwa la kale bado vimo chini, havijaoshwa. Yale maduara ya kijani ni maji ya visima virefu yanayozungushwa kwa mitambo. Na mtaalamu wako hakutuambia kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 watu walihamia huko kwa wingi wakitegemea mvua, na wengi wao wakashindwa, wakayaacha mashamba na nyumba zao. Nao walikuwa wameahidiwa kwamba nchi ile inalimika.

Sasa njoo kwetu. Mchanga wetu umetokana na mawe ya mchanga ya zamani sana yaliyomomonyoka hapo hapo yalipo. Ukiuweka kiganjani na kuupeleka juani, punje zinameta kama chupa iliyosagwa, ngumu, hazina kitundu. Nilipokuwa darasani nilikuwa nachukua kopo la maziwa, natoboa tundu chini kwa msumari, najaza mchanga wa shambani kwangu, namwagia maji kikombe kimoja. Kabla mwanafunzi hajamaliza kuandika tarehe kwenye daftari, maji yameanza kudondoka chini. Maji hayo hayaondoki peke yake. Yanaondoka na chakula cha mmea. Mvua yetu inakuja msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, inapiga kwa nguvu na kuosha, na imeosha hivyo vizazi na vizazi. Juu ya uwanda huu hakuna mto wala kijito; bibi zetu walishuka bondeni na kupanda tena wakiwa na maji kichwani. Nani atatuzungushia maduara ya kijani hapa?

Lakini si hilo lililoniumiza zaidi. Lililoniumiza ni salfa.

Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, uliingia kwenye mikorosho yetu mwishoni mwa miaka ya 1970, na bila salfa korosho za kusini zingekufa. Siisemi vibaya dawa hii. Imesomesha wanangu wanne. Lakini hesabu ni hesabu. Nina mikorosho 70, kama hekta moja. Napuliza robo kilo kwa kila mti, raundi tano, kuanzia maua yanapochomoza. Hiyo ni zaidi ya kilo 87 kwa msimu. Kwa miaka 30 ni zaidi ya tani mbili na nusu kwenye shamba moja. Asubuhi ya kupuliza, kabla upepo haujaamka, vumbi la njano linatanda juu ya majani makavu chini ya mti, macho yanawasha, na khanga ya mke wangu inanuka salfa hata ikifuliwa mara tatu. Lile vumbi haliishii hewani. Linashuka, vijidudu vya udongo vinalifanyia kazi, linageuka tindikali. Kilo moja ya salfa ikishageuka yote inahitaji kilo tatu za chokaa na ushei kuituliza. Hata tukisema nusu ilipeperushwa, shamba langu linadai zaidi ya tani nne za chokaa, na tangu nizaliwe sijaona mfuko mmoja wa chokaa ya shamba ukishushwa kwenye ghala la chama chetu cha ushirika.

Angalia sasa, Mheshimiwa, jinsi "mchanga ni mchanga" lilivyo neno la hatari. Kwenye udongo wa jangwani wenye magadi, salfa ni dawa ya udongo: mkulima anaiweka kwa makusudi ili kupunguza magadi. Kitu kilekile, kwetu, kinaongeza uchachu, yaani tindikali, juu ya uchachu. Mkorosho wenyewe unavumilia, na muhogo unavumilia. Karanga hazivumilii. Mwezi uliopita nilikaa barazani na mke wangu tunapukuchua karanga tulizopanda katikati ya mikorosho. Ganda zuri, kubwa, limejaa kwa nje. Ukilibonyeza linapasuka kwa sauti, na ndani hamna kitu. Tulipukuchua debe zima tukapata chini ya bakuli moja. Mke wangu aliacha, akafuta mikono kwenye khanga, akasema, "Mwalimu, tunalima maganda." Karanga inakosa chokaa, ganda linakuwa tupu. Naamini ndiyo sababu, na mahindi ya jirani yangu nayo nahisi ni hilohilo, mizizi imeungua ikashindwa kushuka. Lakini naamini tu na nahisi tu, kwa sababu hakuna aliyetupimia.

Na hapa ndipo ninapokukumbusha, kwa heshima zote. Mwaka juzi, mwezi wa Septemba, maofisa wa halmashauri yako walikuja kijijini wakasema kila shamba litapimwa udongo. Tulifurahi. Walituelekeza kuchimba sehemu tano za shamba, kuchanganya kwenye ndoo safi, na kujaza mfuko wa nailoni. Mifuko 14 ilitoka kijijini kwetu. Wangu ulikuwa namba 9. Niliufunga mwenyewe kwa kamba ya katani. Tuliahidiwa majibu kabla ya mvua. Mvua zimepita mara mbili. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikwenda stoo ya kata kufuata viuatilifu, na nyuma ya mabomba mabovu ya kupulizia nikaiona mifuko ile. Yote 14. Namba 9 ilikuwa juu, kamba yangu ya katani haijafunguliwa. Niliigusa. Udongo ulikuwa umeshikana bonge kwa unyevu wa sakafu.

Labda fedha ya mafuta iliisha. Labda aliyeanzisha kazi alihamishwa. Sijui, wala sitaki kumtaja mtu. Ila najua kwamba kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele si mbali, na kwamba wataalamu wa korosho wako pale, wanaotafutwa na nchi nzima. Najua pwani yetu, kutoka Mtwara mpaka Lindi na Kilwa, imekaa juu ya mawe ya chokaa. Wazee walikuwa wanachoma chokaa ya kujengea misikiti na nyumba. Chokaa ipo chini ya miguu yetu, na maganda ya karanga zetu ni matupu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mengi. Nilitaka chokaa iingizwe kwenye orodha ya pembejeo za ruzuku kama ilivyo salfa. Nilitaka bwana shamba anayekaa kijijini, si wa kupita na pikipiki. Nilitaka mtaalamu wa Jumamosi arudi awaombe radhi wazee aliowaita walalamishi. Yote hayo bado nayataka. Lakini ukiniambia nichague moja, nachagua udongo upimwe. Usituletee mbegu nyingine, usituletee mbolea nyingine, usituletee picha nyingine ya nchi yoyote kabla udongo haujapimwa. Tukijua pH ya mashamba yetu, yaani kipimo cha uchachu wake, hata chokaa tutachanga wenyewe kwenye mauzo ya mnada wa kwanza. Nimewauliza wenzangu, wamekubali.

Mifuko iliyoko stoo najua haifai tena. Nimeshachimba upya, sehemu tano, ndoo safi, kama tulivyofundishwa, na wenzangu 13 wamefanya hivyo hivyo. Iko barazani kwangu, mahali pakavu. Jumatatu ijayo nitakodi bodaboda mbili niilete mpaka mlangoni pako. Naomba pawe na mtu wa kuipokea, aisaini, na aniambie itapimwa siku gani.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu na mkulima wa korosho, Uwanda wa Makonde, Mtwara