Kuhusu skima yako, kabla hujalipa

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Huku Dubai sisi tu wazima, joto ndilo limeshaanza.

Picha za tangi lako la samaki wa baharini nimezipata na nimezitazama moja moja. Sentimita 120 kwa 50 kwa 50, kioo safi, kabati imara, na mahali ulipoliweka pazuri, mbali na dirisha. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba umeniuliza habari za skima, ile mashine ya kutoa uchafu majini, kabla hujatoa pesa. Wengi wananiita wakiwa wameshanunua, na hapo kazi yangu inakuwa kutafuta namna ya kuishi na kosa.

Umeniletea matangazo mawili, na ya tatu ni ile anayotaka kukupa binamu yako wa Marekani. Zote nitazijibu. Lakini niache kwanza nikueleze mashine yenyewe inafanya nini, maana ukishaielewa hutanihitaji mimi kuichagua.

Unakumbuka wakati wa kusi, tulivyokuwa tukishuka pwani asubuhi baada ya usiku wa mawimbi? Povu limelala mchangani, rangi ya maziwa yaliyochafuka, upepo ukilipiga linatetemeka, na likikauka linaacha utando wa kahawia. Povu lile halina sabuni yoyote. Ni protini na mafuta ya viumbe vya baharini, mwani uliooza, ute wa samaki na matumbawe, vitu vilivyoyeyuka majini mpaka mawimbi yakavikoroga na hewa. Molekuli zake zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Zikikutana na kiputo cha hewa zinajibandika pale pale, upande mmoja ukibaki majini na wa pili ukielekea hewani, na kiputo kinapanda nazo.

Skima ni bomba la plastiki linalofanya kazi ya wimbi lile usiku na mchana. Pampu inavuta hewa, panga lake lenye miiba linaikatakata ikawa viputo vidogo sana hata maji yanakuwa meupe kama tui, viputo vinapanda, vinabanana shingoni, vinakuwa povu zito, na povu linafurika na kuingia kwenye kikombe. Wewe unakwenda kukimwaga. Uchafu umetoka ndani ya maji kabla haujaoza ukawa naitreti na fosfeti, na hapo ndipo inapowashinda vichujio vya sponji. Sponji inaukamata uchafu lakini unabaki kuoza humo humo majini mpaka siku utakapoiosha.

Fanya jaribio moja na watoto. Chukua chupa mbili, moja tia maji ya bomba, nyingine maji ya tangi lako. Zitikise kwa nguvu kwa pamoja kisha zisimamishe mezani. Kwenye maji ya bomba viputo vitaungana, vitakuwa vikubwa na kupotea mara moja. Kwenye maji ya chumvi utaona viputo vidogo vidogo vinavyochelewa kupanda. Ndiyo sababu skima ni mashine ya maji ya bahari, na ndiyo sababu chumvi yako ikishuka sana chini ya gramu 35 kwa kilo ya maji, povu nalo linalegea.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Ile ya kwanza uliyoniletea, boksi limeandikwa inafaa tangi la mpaka lita 1,000, na wewe una lita 300, kwa hiyo umeona ni bora uwe na ziada. Hapo ndipo nataka unisikilize. Tangi lako ukitoa mawe na kuongeza maji ya sampu, lile tangi dogo la ndani ya kabati, linabaki karibu na lita 300 zile zile, lakini lita hazichafui maji. Kinachochafua ni chakula unachotia na midomo inayokula. Umeniambia unataka wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kangaja mmoja wa manjano, labda na mwingine mdogo baadaye, pamoja na matumbawe laini. Huo ni mzigo mwepesi. Skima ya lita 1,000 ina shingo pana, na shingo pana inataka uchafu mwingi ili povu lishikamane na kupanda mpaka juu. Uchafu huo usipokuwepo, povu linafika katikati ya shingo, linapasuka na kurudi chini.

Hili silisemi kwa kusoma. Tangi langu la kwanza hapa lilikuwa la lita 250 na samaki watatu, nami nikanunua skima kubwa kwa mawazo kama yako. Siku moja kikombe kina maji ya kahawia, siku mbili hakina kitu. Nikawa kila saa niko kwenye kabati nazungusha kile kirungu cha kurekebishia maji, nikidhani kosa liko mkononi mwangu. Na urefu wake nao ulikuwa msiba. Mashine ilikuwa na sentimita 52, kabati lina 55. Kikombe hakikuweza kunyanyuliwa wima, ilibidi nikilaze ubavu ndipo kitoke. Usiku mmoja kilinitoka mkononi. Maji yale meusi yalimwagika kwenye zulia ambalo mama alilileta mwenyewe kutoka nyumbani, na harufu yake unaijua ikiwa umewahi kupita penye dagaa waliooza juani. Tulilifua mara nne. Mwishowe tulilitoa nje na halikurudi tena ndani.

Kwa hiyo, kabla ya bei, kabla ya jina la kampuni, chukua futi ya kupimia. Pima kutoka chini ya sampu mpaka juu ya kabati kwa ndani, kisha utoe sentimita kumi za kunyanyulia kikombe. Kinachobaki ndicho kimo cha skima yako, hata kama kuna nzuri zaidi iliyo ndefu. Pima pia upana wa kile chumba cha sampu utakapoiweka, ukihesabu na pampu kama imechomoza nje ya mwili. La tatu ni kina cha maji, na hili wengi hawalijui: kila skima ya ndani ya sampu ina kina inachotaka kusimama, nyingi ni baina ya sentimita 16 na 24, na imeandikwa kwenye karatasi yake. Maji yakizidi kina hicho inafurika, yakipungua inalala. Kina kikikuzidi, weka kiegemeo cha plastiki chini yake uinyanyue. Kikiwa pungufu huna la kufanya isipokuwa kubadilisha ukuta wa sampu.

Na uiweke chumba ambacho maji hayapandi na kushuka. Nyumba zetu hizi za kiyoyozi zinakausha maji haraka, na upungufu wote unaonekana chumba cha mwisho, chenye pampu ya kurudishia maji juu. Ukiiweka humo, asubuhi itakuwa inafanya kazi na jioni imenyamaza. Iweke chumba cha kabla yake, kinachozuiwa na ukuta.

Tangazo la pili, ile ya kuning'inia nyuma ya tangi, ni mashine nzuri kwa asiye na sampu. Wewe unayo. Usitundike kitu chenye maji nyuma ya tangi, kati ya kioo na ukuta wenye soketi, bila sababu.

Ile ya binamu, mwambie ahsante sana lakini asiitume. Umeme wa Oman ni volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60. Utaniambia utanunua transfoma. Transfoma itarekebisha volti, mizunguko itabaki 50, na mota ya namna ile inazunguka kwa kufuata umeme. Itapoteza sehemu moja ya sita ya mwendo wake, hewa itapungua, na povu litakuwa hafifu siku zote. Zipo zenye pampu za DC zinazotumia adapta kama ya kompyuta, hizo hazijali umetoka nchi gani. Umesema yake ni ya zamani, ya kuchomeka moja kwa moja ukutani, basi iache.

Mimi kwa tangi lako ningetafuta ya ndani ya sampu, mwili wa kipenyo cha sentimita 15 hivi, boksi likisema lita 500 au 600, na pampu ya DC. Pampu hiyo utailipia zaidi, lakini haitii joto jingi majini na chila yako, mashine ya kupoza maji, itakushukuru mwezi wa sita, tena unaweza kuipunguza kasi wakati samaki bado ni wawili na kuiongeza kangaja akija. Kitu kingine ninachokiangalia kuliko jina: je, muuzaji ana panga la pampu la akiba dukani, leo hii? Mwulize akutolee ulione. Panga ndilo linaloharibika, na skima isiyo na panga ni bomba tupu.

Usibabaishwe na muuzaji anayekwambia yake inasafisha mara mbili ya nyingine. Ken Feldman, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, alipima skima kadhaa na kutangaza matokeo yake mwaka 2009 na 2010. Alikuta kwamba hata zile za bei kubwa zilitoa kiasi cha asilimia 20 mpaka 35 tu ya kaboni yote ya uchafu uliomo majini, kisha zikafika mwisho, kwa sababu sehemu iliyobaki haijibandiki kwenye viputo. Tofauti baina ya mashine na mashine ilikuwa ndogo. Mimi niliposoma hayo sikuikatia tamaa skima, niliacha tu kulipia sifa. Sehemu iliyobaki inaliwa na bakteria wa kwenye mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake, inanyonywa na mkaa, au inatoka unapobadilisha maji. Wajerumani waliokuza matumbawe kwa njia ya Berlin waliegemea mawe hai, skima na maji ya chokaa kwa pamoja, na skima haikuachiwa mzigo wote peke yake.

Siku ya kwanza ioshe kwa maji na siki, maana mpya huja na mafuta ya kiwandani. Wiki moja mpaka mbili itakuwa na wazimu, leo inafurika, kesho kimya. Iache izoee. Ukitaka kurekebisha, zungusha kidogo, kisha usubiri nusu siku. Utajua umepata kwa rangi ya kikombe. Ikiwa kama chai ya rangi, unatoa maji mengi mno, na chumvi yako itashuka polepole kwa sababu unachomwaga ni maji ya bahari na unachojazia ni maji yasiyo na chumvi. Ikiwa nzito kama kahawa chungu, unatoa kidogo lakini kikali. Mimi napenda katikati, nikiegemea kahawa. Na ukitia mkono majini, au ukilisha kamba wa barafu wenye mafuta, povu litaanguka kwa saa moja au zaidi. Usiguse kitu, litarudi. Siku utakayobandika matumbawe kwa gundi ya epoksi, izime, maana itafurika.

Shingo ifute kwa tishu kila baada ya siku mbili tatu. Ule utando wa mafuta unapasua viputo vinavyokuja, na mashine ya bei ghali yenye shingo chafu haifiki popote. Pampu uifungue kila miezi minne au mitano, uiloweke kwenye siki mpaka chokaa yote itoke.

Limebaki moja, nalo ni la nyumba zetu hasa. Skima inavuta mamia ya lita za hewa kwa saa, na hewa hiyo ni ile ile ya sebuleni. Mkifunga milango kwa ajili ya kiyoyozi, hewa inajaa kaboni dioksaidi ya pumzi zenu, maji yanaivuta na pH, kile kipimo cha ukali wa asidi ya maji, inashuka. Wateja wangu kadhaa walikuwa wakitia dawa za kupandisha pH kila siku, nikawapitishia mpira wa hewa wa skima dirishani, na ikapanda bila dawa. Weka sponji mwisho wa mpira ili vumbi lisiingie. Na mwombe shemeji, kwa heshima, chetezo cha udi asikiweke karibu na kabati siku za Ijumaa, maana moshi wote utapita ndani ya viputo vile na kuingia majini. Mkipuliza dawa ya mende, zimeni kabisa mpaka chumba kipate hewa.

Nitumie vile vipimo vitatu, kimo cha ndani ya kabati, upana wa chumba cha sampu, na kina cha maji pampu ikiwa inafanya kazi. Mwezi ujao nakuja Muscat kwa barabara, inshallah, na sanduku la gari lina nafasi. Ikiwa panga la akiba halipatikani huko, nitaliulizia hapa nije nalo.

Nisalimie shemeji, na watoto waambie wanisubiri kwa lile jaribio la chupa ikiwa bado hamjalifanya.

Wasalaam,
Ndugu yako wa Dubai