Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Wanachama wenzangu, hamjambo.

Nianze na jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu hapa mapema kuliko kawaida. Mwezi Januari ramani ya chama chetu cha baiskeli ya Bonde la Kerio, hapa Kenya, ilikuwa na njia saba za kuendeshea. Leo ina tatu. Mwenzetu mmoja alisema, nanyi mkacheka, kwamba wenyeviti wa vyama vingine hula pesa, huyu wetu anakula njia. Nilicheka pia. Sasa nieleze nilivyozila, halafu mniambie kama mnataka nizitapike.

Tukumbuke kwanza zile saba tulizipataje. Tulikaa hapa Iten, kwenye baridi yetu ya mita 2,400, chai mkono mmoja na simu mkono wa pili, tukafuata vistari vya kijivu kwenye picha za setilaiti. Kistari kikionekana kimenyooka, tulikiita njia. Lakini kutoka angani barabara ya murram na kijia cha mbuzi ni kitu kimoja, na kijia cha mbuzi hakitofautiani na kingo za mfereji. Kingo za mfereji ndizo zilizotuumbua.

Wanaotoka Marakwet watanivumilia nikiwaeleza wengine. Mifereji inayotoa maji kwenye mito ya mteremkoni, kama Arror na Embobut, ikayafikisha mashambani bondeni, imekuwepo kwa karne kadhaa. Imejengwa kwa mawe, magogo, matawi na udongo, na kwingine imening'inia ubavuni mwa jabali mahali ambapo mtu mwenyewe anaogopa kupita. Maji hugawanywa kwa koo, kila ukoo na zamu yake. Mwezi Februari, karibu na Arror, tulipitisha baiskeli kumi na moja juu ya kingo za mfereji mmoja wa namna hiyo. Palikuwa laini, pamenyooka, pana kivuli. Tulipiga picha. Nyuma yetu udongo ukaporomoka, maji yakamwagikia vichakani, na mtu aliyekuwa na zamu siku hiyo akabaki anaangalia ndengu zake zikinyauka.

Chifu alitupigia simu kesho yake. Tulirudi wanane, watatu walikuwa na shughuli, na majina yao ninayo. Wazee walitupokea chini ya mti, bila hasira, na hilo lilitutisha zaidi. Mmoja wao akauliza, "Mlipokuwa mnapita hapa, mlikuwa mnaenda wapi?" Tuliangaliana. Hatukuwa tunaenda popote. Tulikuwa tunaendesha tu. Hebu jaribu kumweleza hivyo mtu ambaye maji yake umeyamwaga.

Hawakutaka pesa. Walitaka mfereji urudi ulivyokuwa. Tulibeba mawe siku nzima huku vijana wa pale wakituonyesha namna ya kupanga nyasi na tope katikati yake. Waliokuja na viatu vya baiskeli, vile vyenye chuma kwenye soli, walitembea kama kuku kwenye majivu ya moto. Jioni maji yakapita, na mzee yule yule akatukaribisha mursik, maziwa yaliyochachushwa. Tangu siku hiyo kamati iliamua kwamba hakuna njia itakayowekwa kwenye ramani kabla mmoja wetu hajaitembea kwa miguu na kuzungumza na mzee wa kijiji. Kwa kigezo hicho njia mbili zilikufa papo hapo.

Ya tatu ni ile ya Kabulwo, pembeni mwa hifadhi ya Rimoi. Hii wengi mnaililia, na mimi pia. Lakini pigeni hesabu. Sisi tukikimbia jua la bondeni huwa tunapita pale alfajiri. Ndovu nao huenda mtoni na kurudi alfajiri. Boda boda ndovu anaisikia mapema, anajipanga. Baiskeli haina mlio. Unampindukia kwenye kona ukiwa hatua ishirini, naye ana mtoto. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1983, na ndovu walikuwa pale kabla ya tangazo lolote. Hatuna haja ya kushindana nao ratiba.

Ya nne ni ya kaskazini, kutoka Arror kwenda Chesongoch hadi Tot. Hali ya usalama upande ule mnaijua kwa miaka mingi, na padri alipopigwa risasi huko Tot mwezi Mei tulisimamisha safari zote za kupita Arror. Kisha ukaja usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba. Mlima ulishuka Chesongoch watu wakiwa wamelala, na waliokufa walizidi 20. Nawashukuru mliochanga. Unga na blanketi vilifika mahali gari lilipoweza kufika, na kutoka hapo wenyeji walibeba. Nimeshaulizwa mara mbili njia hiyo itafunguliwa lini. Kabla watu wa kule hawajarudi kulala kwao kwa amani, swali hilo sitaki kulisikia.

Basi tumebaki na tatu, na nasema bila kona kwamba ni tatu nzuri.

Ya wanaoanza ni ile ya juu, mzunguko wa msitu wa Singore, udongo mwekundu mtupu. Onyo ni lile lile la kila mwaka: saa kumi na mbili asubuhi barabara zile ni za wakimbiaji. Punguza mwendo, piga kengele, pita kwa adabu. Katika mji huu ukimgonga mtu, huenda umemgonga bingwa wa dunia.

Ya pili inateremka hadi daraja la Chebloch, pale Mto Kerio ulipojibana katikati ya miamba na vijana huruka majini kutoka juu. Msijaribu. Mwenye miguu anaweza kuvuka na kupanda hadi Kabarnet. Hii ina lami sehemu kubwa, kwa hiyo nimeruhusu tupite vijia vya kando vilivyokubaliwa na wenyeji, na orodha yake iko kwa katibu.

Ya tatu ndiyo fahari yangu ya mwaka huu. Inateremka kupitia Kessup na Tambach hadi Biretwo, kisha inageuka kusini na kufuata bonde kupitia Emsea hadi Kimwarer. Mahali pale murram ni ngumu, migunga iko pande zote mbili, mizinga ya nyuki inaning'inia kwenye matawi, na ukuta mzima wa mteremko wa Elgeyo uko kulia kwako. Kutoka Kimwarer unapanda hadi Nyaru kwa barabara iliyokuwa ikipitisha malori ya madini ya floraspa kutoka mgodini. Ni zaidi ya mita 1,000 za kupanda, na hakuna anayekusukuma.

Najua kwa sababu ilinilaza. Mwezi Machi nilikwenda kuipima na wenzangu wawili, nikaanza kupanda saa sita mchana kwa kiburi cha mwenyekiti. Katikati ya mlima jasho lilikauka na kichwa kikaanza kuimba. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe kando ya barabara aliniangalia nikiyumba, akauliza, "Mzee, ni baiskeli imekataa ama ni wewe?" Alinikalisha kivulini, akanimwagia maji kichwani kutoka kwenye mtungi wake wa kunywa, na akakataa malipo. Nilimaliza safari nikiwa nyuma ya pikapu, nimekumbatia baiskeli na ndoo ya maembe niliyoilipia kwa lazima. Kwa hiyo kanuni mpya: asiyefika Kimwarer kabla ya saa nne anakaa kivulini hadi saa kumi jioni, au anatafuta gari. Kanuni hii inamhusu hata mwenyekiti, na mwenyekiti zaidi.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Miiba ya mgunga haina heshima kwa tairi nyembamba. Kwa bondeni tumieni za milimita 45 au zaidi, zisizo na tyubu, upepo usiojaa sana. Maji ya kuziba pancha tuliyonunua kwa pamoja mwezi Juni yalikuwa yameganda chupani. Muuzaji alikana, na hela hatukurudishiwa. Msiba huo ni wa kamati, haukutoka mfuko wa mtu. Halafu breki: mteremko wa Tambach ni mrefu, na anayezikamata mfululizo atazipika. Kamata, achia, kamata tena.

Mwezi Agosti tulimkumbuka Sule Kangangi, mwendesha baiskeli wa Kenya aliyetutoka mwaka 2022 akiwa mbioni Vermont, Marekani. Hatukufanya mashindano. Tulipanda Singore polepole, tukanywa chai, tukarudi. Wapo waliotaka tuandae mbio kwa jina lake hapa bondeni. Wazo ni zuri, lakini barabara ya mbio hufungwa kwa wengine, na sisi bado tuna deni la kujifunza kupita kwenye zile zilizo wazi.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina baada yangu. Zimekaguliwa, na anayetaka stakabadhi aziombe leo badala ya kunong'ona kesho. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi. Tungependa atoke bondeni, mtu ambaye mzee wa kijiji akimuuliza anaenda wapi atakuwa na jibu.

Safari ya kwanza ya mwaka mpya ni Jumamosi ya pili ya Januari, ya Kimwarer. Tunaondoka Iten saa kumi na mbili kamili. Kila mmoja abebe lita tatu za maji, na pesa za maembe.